Ni Nani Achotaye Maji ya Shule?

Mtoni ni mahali kaskazini ya mji wa Unguja, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kwa mtu asiyekawia njiani. Jina lake latokana na mto mdogo uingiao baharini hapo. Zamani merikebu zilizotia nanga Unguja zilipeleka mashua zao Mtoni kujaza mapipa, maana maji yake yalikuwa matamu. Hapo ndipo Sayyid Said bin Sultani alipokuwa na jumba lake kubwa, ambalo magofu yake yangali yaonekana ufukoni. Binti yake Salme, aliyezaliwa katika jumba hilo mwaka 1844, aliandika baadaye kitabu cha maisha yake, kikapigwa chapa Ujerumani mwaka 1886. Katika kitabu hicho asema kwamba watu waliokaa Mtoni walipata elfu.

Hao elfu hawakuwa wote wana wa Sultani. Wengi wao walikuwa watumwa: wapishi, madobi, wachukuzi, yaya, mabawabu. Mjini nako mambo yalikuwa yale yale. Kabla Sultani Barghash, aliyetawala toka 1870 hata 1888, hajauletea mji maji kwa mabomba ya chuma, maji ya nyumba za wenye mali yaliingia mlangoni juu ya kichwa cha mtu, na mtu huyo kwa desturi alikuwa mtumwa. Basi kuchota maji kulikuwa zaidi ya kazi, kulikuwa alama. Aliyeonekana njiani na mtungi kichwani alijulikana cheo chake kabla hajafungua kinywa.

Yafaa jambo hilo likumbukwe, kwa kuwa ndani ya mji wa namna hiyo ndimo shule za Kikatoliki za pwani hii zilimoanza. Mwezi wa Desemba mwaka 1860 alifika Unguja Padre Armand Fava kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na mapadre wenzake wawili, masista sita wa shirika la Mabinti wa Maria, daktari, na mafundi kadha wa kadha. Wakafungua nyumba ya wagonjwa na karakana, wakawalea watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1863 Mapadre wa Roho Mtakatifu, pamoja na Padre Antoine Horner, waliipokea kazi hiyo, na mwaka 1868 wakavuka bahari na kuanza misheni ya Bagamoyo.

Habari za mapadre hao zimeandikwa sana, na ni haki ziandikwe. Habari za masista ni chache. Lakini fikirini, mtoto aliyetoka sokoni, ana vidonda miguuni, ana njaa, wala hajui lugha hata moja ya wale waliompokea, je, alianza masomo yake kwa alfabeti? Hakuanza hivyo. Alianza kwa kuoshwa. Akapewa uji, akapewa nguo, akaonyeshwa mahali pa kulala, na usiku alipolia kwa kuota mabaya, mtu aliamka. Herufi zilikuja baadaye sana. Kazi ya namna hiyo, hasa kwa wagonjwa na kwa wasichana, ilikuwa mikononi mwa masista na wasaidizi wao.

Na hao masista walikuwa watu gani? Shirika lao liliundwa Réunion mwaka 1849, miezi michache tu baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani humo mwezi wa Desemba 1848. Lilipokea wanawake weupe na weusi pamoja, hata na wale waliokuwa watumwa juzi juzi, nao wakaishi nyumba moja na kula meza moja. Wazungu wengi wa Réunion hawakupendezwa na jambo hilo. Basi masista wa shirika kama hilo walipoteka maji, wakafua mashuka ya wagonjwa na kuchochea moto jikoni, mbele ya macho ya watoto waliozoea kuona kazi hizo zikifanywa kwa kiboko, ndipo watoto walipofundishwa jambo ambalo hakuna ubao uwezao kulifundisha. Waliona mtu huru akichukua mtungi kwa hiari yake, akautua, akaenda kusali.

Si haki kuficha upande wa pili. Misheni zenyewe hazikushika fundisho hilo kila siku. Huko Bagamoyo watoto waliokombolewa walilima mashamba kwa saa nyingi kila siku. Wengine walichoka, wakatoroka, na wanahistoria wameyaandika hayo. Mtoto aliyenunuliwa sokoni kisha akapewa jembe huenda asione upesi tofauti ya bwana wa kwanza na wa pili. Kazi ikipita kiasi, au ikiwa ya mmoja tu huku mwingine ametazama, hurudi kuwa ile ile ya zamani, hata ikiwa imeanza kwa ishara ya msalaba.

Sasa yatazamwe mambo ya siku hizi. Ziko shule za bweni, kubwa na ndogo, za misheni na zisizo za misheni, ambamo mwanafunzi akichelewa sala huambiwa, “Nenda ukachote ndoo 10.” Akizungumza darasani husafisha choo. Akijibu kwa ufidhuli hupelekwa jikoni kukosha masufuria. Adhabu yenyewe si kali. Mtoto hodari huimaliza kabla ya jua kupanda, akarudi akicheka. Ubaya wake u mahali pengine. Kule jikoni yuko mama aliyekosha masufuria hayo jana, na juzi, naye atayakosha kesho, wala hakuchelewa sala. Kule chooni yuko mzee mwenye ufagio ambaye hakuzungumza darasani. Mwanafunzi akiona kwamba kazi ya mzee huyu ndiyo adhabu ya mkosaji, ataamini nini juu ya mzee? Ataamini kwamba mzee ana kosa lisilokwisha. Hatasema hivyo kwa kinywa, pengine hata moyoni hatalisema waziwazi, lakini sikilizeni jinsi amwitavyo. Mwalimu wa miaka 25 akipita, mtoto husimama na kusema, “Shikamoo mwalimu.” Mpishi wa miaka 60 akipita, mtoto huyo huyo, aliyelelewa na wazee wenye adabu, hupaza sauti, “We mpishi, chakula tayari?” Nyumbani kwao angemwita babu.

Walimu wengine wenye huruma wanajibu kwamba kuchota maji ni afadhali kuliko fimbo. Kweli, ni afadhali. Lakini mwalimu hakufungiwa katika njia mbili hizo tu. Aliyevunja dirisha na asaidie kulitengeneza. Aliyechafua ukuta na aupake chokaa. Aliyechelewa na aamke kwanza juma zima awaamshe wenziwe. Adhabu iliyo ndugu wa kosa hufahamika kwa mtoto. Maji hayana undugu na kuzungumza darasani. Maji ni ya wote wenye kiu, na kwa hiyo yapasa kuchotwa kwa zamu ya wote, mwenye kosa na asiye na kosa.

Wako pia wazazi wasemao, “Sikumpeleka mwanangu shule akawe mpishi.” Neno hilo ladhihirisha ugonjwa wenyewe. Mtoto huyo nyumbani hubeba maji, hukatakata mchicha, humshika mdogo wake mama akipika, na mzazi hasemi kwamba mwanawe amekuwa mtumishi. Mbona shuleni kazi ile ile igeuke aibu?

Ni vema kuwatazama watu wenyewe kwa karibu, maana mwanafunzi hukaa miaka saba na mpishi asimjue. Mpishi wa shule ya bweni huamka wakati ambao muadhini hajaadhini na kengele ya misa haijapigwa. Lazima ajue kuni zipi hutoa moshi na zipi hushika moto wakati wa masika. Yambidi ajue kwamba sufuria la uji wa watu 100 si sufuria la watu 10 lililozidishwa mara 10. Uji mwingi huungua chini huku juu ungali mbichi, na mwiko wake ni mrefu kama kasia. Akienda sokoni hujua jodari wa leo na jodari wa jana kwa kutazama macho tu. (Siku ya Ijumaa Mkristo wa Ulaya akijinyima nyama hujiona amefunga, mtu wa Unguja akiletewa samaki wa kupaka na muhogo hushindwa kujua mfungo uko wapi.) Hujua mtoto yupi hula kidogo kwa sababu ni mgeni na amekumbuka kwao, na yupi hula kidogo kwa sababu ana homa.

Unguja ni kisiwa ambacho wenyeji wake karibu wote ni Waislamu, na mpishi wa misheni aweza kuwa Mwislamu. Basi ikifika Ramadhani hutokea jambo linalostahili kutazamwa na kila mwanafunzi Mkristo. Mtu huyu hajala tangu alfajiri. Amesimama mbele ya moto saa sita za mchana, jasho lamtoka, akiwapikia watoto wa dini nyingine wali wao na mchuzi wao. Wengi wa namna hiyo hukataa hata kuonja chumvi, humwita mtoto aliye karibu na kumwambia, “Njoo mwanangu, onja, yatosha?” Mtoto huonja na kusema yatosha. Mafundisho ya dini juu ya kumpenda jirani yametolewa hapo kwa ncha ya upawa, na aliyeyatoa hakutaja neno hata moja la dini.

Yuko tena mama mlezi wa bweni. Kazi yake kwa kuhesabu ni vitanda, mashuka, vyandarua, sabuni, na dawa ya homa. Lakini kuna kazi zisizohesabika. Mvulana wa miaka 10, siku za kwanza mbali na mamaye, akilowesha kitanda usiku, ni nani ajuaye? Mlezi peke yake. Huja gizani, huondoa shuka kimya, hutandika jingine, na asubuhi godoro laanikwa pamoja na magodoro mengine manne, ili lisijulikane lipi lilikuwa na sababu. Mvulana huyo akiwa mtu mzima, daktari au hakimu au padre, pengine amesahau nani alimfundisha hesabu ya sehemu. Hilo hatalisahau. Wala jina la mama yule halipo katika kitabu chochote cha shule.

Kuna bawabu mmoja ambaye kisa chake kimeandikwa, na kwa bahati njema chahusu bara letu pia. Katika mji wa Palma, kisiwani Majorca, nchi ya Hispania, Wajesuiti walikuwa na chuo. Bawabu wake alikuwa bruda mmoja, jina lake Alonso Rodríguez. Hapo kwanza alikuwa mfanyabiashara katika mji wa Segovia. Akafiwa na mkewe na watoto wake, biashara nayo ikaharibika. Alitaka kuwa padre, lakini elimu yake ilikuwa ndogo. Akaenda kujifunza Kilatini, akaketi pamoja na watoto, ndevu zake usoni. Hata hivyo hakufika mbali katika Kilatini. Mwaka 1571, umri wake ukikaribia miaka 40, alipokewa awe bruda, akapelekwa Palma, na huko akapewa mlango.

Akaushika mlango huo kwa miaka mingi sana. Kazi yake ilikuwa kufungua, kufunga, kupokea barua, kuwaita wanafunzi waliotafutwa, kuwapa maskini mkate. Husimuliwa kwamba kila kengele ilipolia alikwenda kana kwamba Bwana mwenyewe ndiye aliye nje. Mwaka 1605 alifika chuoni kijana wa Katalonia, Pedro Claver, kusoma falsafa. Kijana alikuwa na akili lakini alikuwa na mashaka, hakujua afanye nini na maisha yake. Akazoea kwenda kuzungumza na bawabu. Chuoni walikuwamo walimu wenye elimu kubwa. Ni yule mzee wa mlangoni aliyemwambia aende ng’ambo, Marekani ya Kusini, kwa kuwa huko zilikuwako roho zilizoachwa bila mtu.

Pedro Claver akasafiri mwaka 1610, akakaa katika mji wa Cartagena, bandari ambayo merikebu zilishusha Waafrika waliofanywa watumwa. Kila merikebu ilipoingia, alishuka chini ndani yake, mahali penye giza na uvundo ambapo mabaharia wenyewe waliona kichefuchefu, akachukua maji, matunda na dawa, pamoja na wakalimani wa lugha za Kiafrika. Kwanza aliwanywesha, ndipo akasema nao. Alijiita mtumwa wa watumwa, akaifanya kazi hiyo hata nguvu zilipomwishia. Akafa mwaka 1654. Papa Leo wa 13 aliwatangaza wote wawili, bawabu na mwanafunzi, kuwa watakatifu siku moja, 15 Januari 1888. Mwaka ule ule, mwezi wa Mei, Papa huyo aliwaandikia maaskofu wa Brazil barua ya kuulaani utumwa.

Kisa hiki kisichukuliwe kwamba kila bawabu ni mtakatifu. Wako mabawabu wavivu, na wapishi waibao sukari, kama walivyoko walimu wavivu na wanafunzi waibao sukari hiyo hiyo kwa mpishi. Linalotakiwa kuonekana ni hili tu: mwanafunzi hupokea elimu yake katika milango mingi, na shule haijui kwa hakika ni mlango upi utakaomfungukia. Kama Pedro angalifundishwa kwamba kushika mlango ni adhabu ya wachelewaji, asingalikwenda kuketi karibu na mzee yule jioni.

Kanisa limelijua jambo hili toka zamani. Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, alipoandika kanuni za watawa wake, aliweka sura nzima juu ya jikoni. Ndugu wote wahudumiane kwa zamu, juma kwa juma. Asisamehewe mtu ila mgonjwa au mwenye shughuli kubwa ya nyumba. Na amalizapo juma lake avirudishe vyombo vikiwa safi na vizima. Mahali pengine aliagiza vyombo vyote vya nyumba vitunzwe kama vyombo vya altare. Sufuria na kikombe cha misa! Watawa wake ndio walioanzisha misheni za Peramiho na Ndanda huku kwetu, na kila aliyepita katika karakana zao ameona jinsi nyundo inavyopanguswa na kutundikwa mahali pake.

Kwa hiyo shule ndogo, yenye wanafunzi 100 au 200, yaweza kufanya mambo machache bila fedha nyingi. Ya kwanza, adhabu za maji, choo na masufuria zifutwe kabisa, na mahali pake pawekwe zamu, nusu saa kwa kila mwanafunzi kwa juma, bila kumtenga mwerevu wala mwana wa tajiri. Ya pili, walipoandikwa walimu wote ukutani, na waandikwe hapo hapo mpishi, mlezi, dobi, mlinzi na mchota maji, kwa majina yao kamili pamoja na Bwana au Bi. Wavulana wa chuo cha Kiungani, cha Waanglikana wa Unguja, waliandika habari za maisha yao, zikapigwa chapa mwaka 1887 katika kitabu kimoja kilichohaririwa na A. C. Madan, wavulana hao walikuwa wamekombolewa utumwani, na laiti wasingaliulizwa, mambo yao yangalipotea. Wanafunzi wa leo nao na wamwendee mzee wa jikoni na daftari, wamwulize alizaliwa wapi, na nani alimfundisha kupika.

Na ya tatu ni mshahara. Wanafunzi hawapangi mishahara, na pengine watasema jambo hilo si lao. Lakini shikamoo haijazi chungu cha mpishi. Katika darasa hili wako watakaokuwa wakuu wa shule, na wengine watakuwa watunza fedha, nao watafunga daftari la hesabu mwisho wa mwezi na kuona fedha hazitoshi. Siku hiyo mkono huelekea upesi sana kwenye jina la chini kabisa, la yule ambaye hatauliza.

Kuhusu zamu, mara nyingi huulizwa zianze lini na nani atangulie. Walimu nao wamo, kwa maana kanuni ya Benedikto haikumwacha mtu mzima wala mwenye elimu. Ratiba ibandikwe Jumapili jioni karibu na mlango wa bwalo. Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, kisimani awepo mwalimu mkuu na ndoo yake.